Mwigizaji Aliyenenepa Msituni

Misheck Njue alikuwa mwembamba tangu darasa la kwanza. Katika duka la mbegu na dawa za mifugo alikofanya kazi, mjini Embu, wateja walizoea kumshauri ajiwekee mbolea kidogo. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mpole, na hakuwahi kuigiza chochote isipokuwa mchungaji wa kondoo katika mchezo wa Krismasi kanisani kwao. Alikuwa na maneno mawili ya kusema, akayasahau yote.

Siku moja msichana aitwaye Ciku aliingia dukani kununua dawa ya kupe. Alimwona Misheck akipanda ngazi kushusha mkebe, akasahau habari za kupe.

"Wewe ndiye nimekuwa nikitafuta," alisema.

Ciku alikuwa amemaliza masomo ya filamu, na sasa alitafuta mwigizaji wa filamu yake ya kwanza. Ilimhusu karani kijana anayechoshwa na watu. Anaacha kazi, anatupa simu mtoni na kuhamia msituni peke yake. Anaishi kwa matunda ya mwitu, anakonda wiki baada ya wiki, mpaka anabaki mifupa na ndevu. Misheck mifupa alikuwa nayo tayari. Ndevu zingetafutwa.

Aliomba likizo ya wiki tatu. Wakapanda hadi ukingo wa msitu, juu kabisa ya mashamba ya chai, wakapanga vyumba: yeye, Ciku, na mpiga picha aliyeitwa Lennox. Misheck aliruhusiwa mlo mmoja kwa siku, kabichi ya kuchemsha, ili akonde mbele ya kamera.

Kila asubuhi wenzake walitangulia na vifaa kwa pikipiki. Yeye alifuata kwa miguu, eti azoee taabu, akiwa ameshavaa nguo za filamu: koti lililoraruka, kiatu kimoja, majani kwenye nywele. Njia ilikatiza katikati ya chai. Siku ya pili, mama mmoja aliyekuwa akichuma alinyoosha mgongo akamwona.

"Kijana, wewe ni wa nani?"

"Wa Njue, cucu," alijibu, kwa neno la nyumbani la kumwita bibi. "Niko kwa filamu. Mimi ndiye yule ameacha watu akaenda kuishi msituni."

Mama huyo aliitwa Ednah, kiongozi wa akina mama kanisani, na alichosikia ni ile sehemu ya mwisho tu.

"Nani alikukosea?"

"Hapana, cucu, ni kuigiza tu."

"Ndiyo, ndiyo," alisema Ednah, kwa ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa. "Kaa hapa kwanza."

Akamfunulia githeri, mahindi na maharagwe yaliyopikwa pamoja na viazi, na parachichi pembeni. Tumboni Misheck alikuwa na kabichi ya jana. Tena mtu aliyelelewa vizuri anakataaje chakula cha cucu? Alikula sahani mbili.

Kesho yake akina mama walikuwa watatu. Kufikia Ijumaa walikuwa wamepanga zamu, huyu analeta nduma na chai ya maziwa, yule mukimo wa viazi vya kupondwa, mwingine njahi, yale maharagwe meusi ya sherehe. Kwa siku tatu Misheck aliwaeleza kuhusu filamu, nao wakatikisa vichwa kwa huruma. Siku ya nne hakueleza. Jambo hilo lilimsumbua moyoni, hasa kati ya sahani ya kwanza na ya pili.

Wiki ya pili, Lennox aliondoa jicho kwenye kamera. "Ciku, huyu jamaa ana mashavu."

"Misheck, unakula nini?"

"Kabichi," alijibu, na hakudanganya kabisa, maana ilikuwemo ndani ya githeri.

Kulikuwa na sehemu ambapo suruali inamdondoka kwa njaa, naye anatoboa mshipi kwa msumari. Suruali ilikataa kudondoka. Alipojaribu kuilegeza, kifungo kiliruka kikampiga Lennox kwenye paji la uso. Siku ya kutambaa hadi mtoni akiwa karibu kufa, alicheua kwa sauti hata ndege wakaruka. Ciku akaanza kuagiza Misheck apigwe picha akiwa amesimama nyuma ya mti. Baadaye ikabidi atafute mti mnene zaidi.

Halafu ikaja siku ya maneno makubwa ya filamu. Misheck alipiga magoti katikati ya msitu, akainua mikono, akalia, "Hakuna mtu duniani anayenijua!"

"Sisi tunakujua!" sauti zilijibu.

Kichakani wakatokea akina mama kumi na wawili, Ednah mbele na sufuria kichwani. Walikuwa wamemfuata kumwombea. Lennox hakuzima kamera. Ciku alifungua kinywa apige kelele, lakini mtu alikuwa ameshamtia sahani mkononi.

Ndipo ukweli ukaelezwa, safari hii na Ciku, akiwaonyesha kamera.

"Kwa hivyo wewe ni mzima?" Ednah alimuuliza Misheck.

"Mzima, cucu. Nisamehe. Niliwaambia, halafu nikaacha kuwaambia."

"Kwa nini uliacha?"

"Njahi zilikuwa tamu."

Ednah akacheka mpaka akashika mti. Hata hivyo alimpa kikapu alipe deni la chakula, na Misheck akachuma chai siku mbili nzima, vibaya sana, akina mama wakimkosoa kila tawi.

Ciku alikaa juu ya gogo na karatasi zake jioni mbili, akafuta njaa yote akaandika upya. Sasa karani anakimbilia msituni, na watu wanakataa kumwachilia.

Filamu ilionyeshwa mara ya kwanza ukutani katika ukumbi wa kanisa la Ednah, Jumapili baada ya ibada. Watu walijaa hadi madirishani. Karani alipotupa simu mtoni, mzee mmoja alisimama akamwambia karani pale ukutani aiokote haraka, kabla maji hayajaingia. Misheck, aliyeketi safu ya pili, alijikuta akiitikia, "Sawa, mzee."