Mwalimu Waliyemwita Zilipendwa

Mwalimu wa jiografia alikuwa na miaka hamsini na mitatu siku alipoitwa Zilipendwa mbele ya walimu thelathini. Mimi nilikaa kiti cha pili kutoka kwake, na nakiri kwamba nilicheka pamoja na wengine.

Ilikuwa semina ya kutumia intaneti darasani. Mwalimu wa taaluma, kijana wa shati lililonyooka na maneno mengi, alimwita mbele afungue somo kwenye projekta. Mama wa watu akakishika kipanya kama vile kingeweza kumng'ata. Akabofya hapa, akabofya pale, ukuta ukabaki mweupe.

"Tumwache mama apumzike," kijana akasema. "Huyu ni wa zilipendwa."

Ukumbi ukaangua kicheko, na jina likaganda. Yeye alirudi kwenye kiti chake, nikaona taya zake zinatafuna hewa.

Tangu siku ile, kila akitoka kazini alipitia kwa wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa anachapa barua za watu kwenye duka la fotokopi.

"Wifi, bonyeza kulia."

"Kulia kwangu au kwa mashine?"

"Mashine haina kulia. Halafu mbona unaigonga hivyo? Imekukosea nini?"

"Si yenyewe. Kuna mtu namfikiria."

Miezi mitatu ilipita hivyo. Alijifunza kutengeneza majaribio yanayojisahihisha yenyewe, na kuandika kwa vidole viwili, kisha vinne. Akachapa somo moja moja la miaka yake ishirini na saba ya kufundisha: mito, pepo, udongo, na ramani alizochora kwa mkono akazipiga picha. Yote akayaweka kwenye folda ya pamoja ya shule, kama walimu tulivyoagizwa.

Muhula uliofuata tukatangaziwa kwamba wakaguzi wanakuja. Mwalimu wa taaluma alikuwa amependekezwa kuwa mkufunzi wa walimu wa wilaya nzima, kwa ajili ya masomo aliyoyaandaa. Mwalimu wa jiografia akayafungua. Yalikuwa ya kwake mwenyewe, hadi pale alipokosea kuandika neno "mmomonyoko". Kijana hakujisumbua hata kunakili. Alifuta jina la mama mle mle, akaweka lake.

Nilimshauri mama aende kwa mkuu wa shule.

"Nikamwambie ofisini, wayamalize ofisini?" akanijibu. "Hapana. Sisi tutakutana ukumbini."

Wifi yake alimwonyesha kwamba faili la aina ile hutunza kila badiliko, na siku yake, na aliyelifanya. Alijizoeza kuufungua ukurasa ule mpaka mkono ukazoea.

Siku ilipofika, kijana alieleza vizuri, wakaguzi wakaitikia kwa vichwa. Kisha mama akanyoosha mkono. "Naomba kuongeza kidogo. Nimeshapumzika vya kutosha."

Alibofya mara tatu tu. Ukutani ikatokea orodha ndefu: jina lake, jina lake, jina lake, na mwishoni jina la kijana, Jumapili asubuhi. Akaisoma yote, mstari kwa mstari, polepole, kama anayewasomea watoto imla. Mkaguzi mmoja akavua miwani.

"Mama, si tungeongea tu sisi wawili," kijana akanong'ona.

"Nilipochekwa tulikuwa thelathini. Nikaona na hili tulione sote."

Halafu akatugeukia sisi. "Na nyie mliocheka, andikeni tarehe ya leo." Nikatazama viatu vyangu.

Kijana aliukosa ukufunzi, akapewa barua ya onyo. Semina zikaangukia mikononi mwa mama, na jambo la kwanza alilofanya ni kututungia jaribio, alama zikaonekana ukutani. Mimi nilipata saba kati ya ishirini. Kijana, ambaye kumbe alijua maneno kuliko kazi, alipata nne. Mama alizisoma kwa sauti.

Kijana alikuja kumwomba radhi mara tatu. Mara zote alimkuta anachapa, na mama hakuinua macho.

"Inatosha sasa, wifi," wifi yake alimwambia mbele yangu. "Kijana wa watu amekonda."

"Akonde. Mimi nilipokonda hakuna aliyesema inatosha."

Mwisho wa mwaka kijana aliomba uhamisho, akapata. Tulipokuwa tunamuaga, mama alikuwa darasani anafundisha pepo, madirisha wazi, sauti yake inatufikia. Baadaye nilimuuliza kama moyo umetulia.

"Bado," alisema. "Lakini nalala vizuri."