Risasi ndani ya sufuria za Rénovat

Nyundo inashuka mara ya tatu, sufuria inapasuka vipande viwili. Mama aliyeileta anageukia upande wa pili asione.

"Hii nilipewaka siku ya ndoa yangu," anasema.

"Najua, mama. Ni mi nilitengeneza," anajibu Rénovat Bizindavyi bila kuinua kichwa. "Unisamehe. Leta na ile ingine."

Ni saa mbili asubuhi katika kambi ya wakimbizi ya Lusenda, Kivu. Akina mama kumi na tisa wamesimama mbele ya kibanda cha mabati, kila mmoja na sufuria kichwani au kwapani. Rénovat, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, anazipokea moja moja, anazigeuza na kutafuta chini yake mistari mitatu mifupi. Hiyo ni alama yake. Akiiona, anavunja. Vipande anavitupa ndani ya pipa la chuma ambalo hufungwa kwa kufuli kila kazi ikiisha, vipande visije vikayeyushwa tena.

Kwa miaka saba alizitengeneza. Leo anazivunja, kwa sababu zimewatia watoto sumu, na aliyeumia kuliko wote ni mtoto wake mwenyewe.

Rénovat alikuwa mkulima wa michikichi huko Rumonge, Burundi. Mwaka 2015 alikimbia na mkewe Alida, wakapokelewa Lusenda. Shamba hakuwa nalo tena. Fundi mmoja wa mji wa Baraka akamfundisha kuyeyusha vyuma chakavu na kumimina sufuria kwenye kalibu ya mchanga.

"Nilikuwaka mulimaji, sikujuaka moto wa namna ile," anasema. "Lakini kisha mwezi moja nilitoa sufuria yangu ya kwanza. Alida alipikia maharagi ndani yake. Tulifurahi mpaka tukacheka bure."

Alikuwa akitoa sufuria tatu au nne kwa siku na kuuza moja kwa faranga elfu kumi na tano. Chochote kilichokubali kuyeyuka kiliingia: vipande vya injini ya pikipiki, radieta, mabomba. Na kila mara aliongeza konzi ya vichwa vya betri za magari, kama alivyofundishwa, ili sufuria iwe nzito.

"Bamama banapenda kitu nzito. Ananyanyua, anagonga na kidole, kama iko mwepesi anaacha. Yangu ilikuwa nzito. Hata batu ba kijiji ya Swima balikuwa nakuja kutafuta yangu."

Mwaka juzi alifika Lusenda Dokta Clarisse Wilondja, mtafiti wa sumu anayefanya kazi Bukavu, mwenyewe mzaliwa wa wilaya hii ya Fizi. Hakuja kwa ajili ya sufuria. Alikuwa anapima zebaki katika damu ya watoto wanaoishi karibu na machimbo ya dhahabu, huko milimani. Ili apate kulinganisha, alihitaji watoto wasiohusika na dhahabu hata kidogo. Akachagua sitini wa Lusenda.

"Hao ndio niliowaita wazima," anasema Dokta Clarisse. "Niliandika hivyo kwenye daftari langu: wazima."

Majibu yalipokuja, alidhani maabara imechanganya chupa. Watoto wa machimboni walikuwa na zebaki, kama alivyotarajia. Wa Lusenda hawakuwa nayo. Walikuwa na risasi, watoto arobaini na wanne kati ya sitini. Akaomba damu ipimwe upya. Majibu yakawa yale yale.

Aliwaita wazazi kanisani, akasimama mbele, akawaambia kwamba wamekuta risasi ndani ya damu ya watoto wao.

Kanisa zima likalipuka kwa vilio. Katika wilaya hii iliyopitiwa na vita mara nyingi, neno hilo watu wanalijua kwa maana moja tu. Jocelyne, mama wa watoto watatu, alimvua mwanawe shati pale pale, akaanza kumpapasa mgongo na tumbo.

"Nililia: risasi gani? Nani alimupiga? Juu ya nini hakuna kidonda?" anakumbuka.

Ilimchukua Dokta Clarisse karibu nusu saa kueleza kwamba anazungumzia ile metali laini ya kijivu iliyomo ndani ya betri, ambayo mafundi huiita *plomb*. Kwamba huingia kwa mdomo, hukaa kwenye damu na mifupa, huumiza tumbo, na kwa watoto huharibu ubongo taratibu. Kwamba hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama.

"Nilipoelewa, nikaogopa zaidi," anasema Jocelyne. "Ile ya bunduki, unaona mahali iliingilia."

Sasa ilibidi ijulikane imeingilia wapi. Dokta Clarisse alipima maji ya bomba, unga, dagaa waliokaushwa, ambao huku huitwa ndagala, na udongo wa viwanja vya nyumba. Hakupata jibu. Siku moja mchana alimkuta Jocelyne akipika lengalenga, yaani mchicha, kwa nyanya nyingi na ndimu. Kando palikuwa na sufuria nyingine tupu. Akapitisha kidole ndani yake, kikatoka na rangi ya kijivu. Akaigeuza, akaona mistari mitatu.

Siku hiyo hiyo Rénovat alipata mteja asiyemtarajia.

"Alinunua sita. Nilisema: hata dokta anataka yangu! Nikamuongezea moja ya bure," anasema.

Maabara ilichemsha ndani ya sufuria hizo maji yenye siki kwa saa mbili, kwa kuwa uchachu, kama ule wa nyanya na ndimu, huitoa risasi kwenye metali. Risasi iliyotoka ilizidi mara mia kiwango kinachoruhusiwa kwenye maji ya kunywa. Dokta Clarisse aliporudi kumweleza, Rénovat alimfukuza.

"Nilimwambia: mama, we unakula mushahara, mi nakula hii moto. Unataka batoto bangu bakufe na njaa? Toka kwangu."

Alida ndiye aliyemfuata Dokta mpaka njiani. Binti yao Divine, wakati huo wa miaka mitano, alikuwa akilia tumbo kwa zaidi ya mwaka. Walikuwa wamempa dawa ya minyoo mara tatu. Majina ya vitu aliyokuwa akiyajua, alianza kuyapoteza.

"Nilimwambia: pima na huyu wetu," anasema Alida. "Bwana yangu alikuwa nakatala. Nilimubeba mi mwenyewe."

Lilitolewa tone moja la damu kidoleni. Kwa kipimo hicho, madaktari huanza kuhangaika ikifika tano. Divine alikuwa na arobaini na tatu, juu kuliko mtoto yeyote kati ya wale sitini. Alikuwa akila chakula cha sufuria hizo kila siku, na tena akichezea majivu ya tanuru lililokuwa hatua sita tu kutoka kitandani kwake.

"Nilimuuliza Dokta: hii karatasi ni ya kwetu kweli?" anasema Rénovat. "Alisema ndiyo. Karatasi ilianguka chini."

Habari ilifika Baraka kabla ya jioni, nayo ilifika imegeuka. Hapa Kivu, mtu akisemwa amewatilia watu *karuho*, sumu ya kuua kwa siri, huenda asifike mahakamani akiwa hai. Kesho yake watu wapatao mia moja, wengine wakiwa na fimbo, walisimama mbele ya nyumba ya Rénovat. Sauti moja ilisema kwamba mkimbizi huyu ametumwa kuja kumaliza watoto.

Dokta Clarisse alijaribu kusema, hakusikika. Ndipo Rénovat akatoka ndani, amembeba Divine.

"Nilibaambia: ni kweli, sumu ilitoka kwangu. Sikujua. Huyu ni mutoto wangu, iko nayo kupita batoto benu bote. Nani anaweza kulisha mutoto wake karuho? Kama munataka kunipiga, munipige. Lakini mbele munipatie zile sufuria zote, nizivunje."

Mama Adolphine, anayeuza chakula kilichopikwa sokoni Baraka, alikuwa mstari wa mbele. Alikuwa amenunua sufuria kumi na mbili.

"Nilikuwa na jiwe mu mukono," anakiri. "Nikaangalia yule mutoto, namna alikuwa anashika shingo ya baba yake. Nikaacha jiwe. Nikaenda kuleta sufuria zangu."

Zake ndizo zilizovunjwa kwanza.

Tanuru la zamani limebomolewa na majivu yake yamezolewa. Sasa Rénovat anayeyushia mbali na nyumba, na anatumia nyaya za umeme na fremu za madirisha za alumini peke yake. Betri na radieta hazikaribii. Katika kila sufuria kumi, Dokta Clarisse huchukua moja akaipime. Anayeleta mbili za zamani hupewa moja mpya. Kipato chake hakifiki hata nusu ya kile cha zamani.

Baada ya miezi kumi, kipimo cha Divine kilishuka hadi kumi na tisa. Tumbo limetulia. Ameanza darasa la kwanza, lakini herufi anazoonyeshwa asubuhi hazikai mpaka mchana. Dokta Clarisse hajawaficha wazazi wake: kilichoharibika huenda kisirudi chote.

"Anaamuka ananiuliza: baba, hii inaitwa nini?" anasema Rénovat. "Namwambia. Kesho ananiuliza tena."

Mpaka sasa amevunja sufuria mia sita na kumi na mbili. Kwa hesabu yake mwenyewe, alitengeneza zaidi ya elfu tano. Nyingi zilikwenda mbali. Mfanyabiashara mmoja peke yake alichukua mia mbili akazipeleka Kilembwe, ndani ya milima, na tangu hapo hajaonekana wala simu yake haipatikani.

Alhamisi Rénovat ataondoka kwenda huko kwa pikipiki, na nyundo, barua ya Dokta Clarisse na sufuria mpya chache za kuanzia. Mama Adolphine atakwenda naye juu ya pikipiki ya pili. Anasema Kilembwe ana ndugu, na maneno ya namna hii ni afadhali watu wayasikie kwa Kibembe, lugha ya huko, kutoka kwa mtu wao.

Foleni imekwisha. Rénovat anajipangusa jasho, anatazama jua. Inakaribia saa sita.

"Saa hii kule Kilembwe bamama beko napandisha sufuria ya sombe ku moto," anasema. "Hakuna mutu amebaambia."

Anafunga pipa, anauliza kama leo ni Jumanne au Jumatano, Alhamisi imebakiza siku ngapi.