Matundu ya Germana

Watu wa Karatu wanaosema mama mdogo Germana alikuwa na kisirani wananikera. Kufoka, alikuwa anafoka, sikatai. Ukiegemeza gunia nyuma ya friji ya chanjo pale zahanati, unafokewa mpaka masikio yanaziba, halafu unaelezwa sababu polepole kama mtoto wa darasa la kwanza, halafu unafokewa tena. Wengine walikwenda kumshitaki kwa wakubwa wake. Hakuna aliyejiuliza mtu mzima anafokaje hivyo kwa ajili ya friji. Basi leo nasema mimi, na atakayechukia achukie.

Germana Tluway alizaliwa Oldeani, kwenye kambi ya vibarua wa kahawa. Akasomea uuguzi, na mwanzoni mwa miaka ya themanini akapewa kazi ya karavani. Hiyo ilikuwa nyumba ya magurudumu iliyoachwa na mzungu mmoja, ikivutwa na Landrova. Ndani mlikuwa na kitanda, kabati la dawa na friji ndogo ya gesi ya kuwekea chanjo. Dereva alikuwa Wilibrodi wa Endamarariek, na yeye ndiye aliyenisimulia haya, maana mama mdogo mwenyewe alikuwa hataki hata kuyasikia.

Nyuma ya friji, kwenye ubavu wa karavani, kulikuwa na matundu mawili yenye wavu, moja chini na moja juu. Friji ile ilikuwa inatoa joto lililomo ndani na kulitupa nje kwa mgongoni. Hewa ya baridi iingie kwa chini, ya moto itoke kwa juu. Ukiziba, joto linarudi lilikotoka. Huku kwetu Karatu kwenye ukungu unaweza kukosea ukasamehewa. Kule Olbalbal kwa Wamaasai, wakati wa kiangazi, jua likishachoma ule uwanda, husamehewi.

Mwaka huo surua ilikuwa imeshaingia vijijini kwetu, na ilikuwa inatembea na watu wa minada. Germana alipakia chanjo, wakapanda msitu, wakazunguka ukingo wa kreta na kuteremka Olbalbal kabla ugonjwa haujafika. Njiani Wilibrodi alikuwa ameziba matundu kwa vipande vya gunia la kahawa, kama walivyokubaliana, ili vumbi lisiingie. Na walikubaliana pia kwamba wakifika, kabla ya salamu, kabla ya maji, magunia yatoke. Wakafika. Wilibrodi akaenda kunywa maziwa.

Germana aliposhika ukuta wa karavani akakuta unaunguza.

"Wilibrodi! Hili gunia bado linafanya nini hapa?"

"Nilikuwa nataka kulitoa, dada."

"Ulikuwa unataka! Na surua itakungoja mpaka utake? Kuanzia leo usiguse matundu yangu. Usiyaguse, usiyasogelee, hata ukiona nyoka anaingia!"

Boma zima lilikuwa linatazama. Wilibrodi akalitoa gunia, na lile neno akaliweka moyoni. Mwanamume kufokewa mbele ya morani si jambo dogo, najua, lakini bado sijamsamehe.

Germana aligeuzisha karavani ili upande wa matundu usipigwe na jua la mchana. Akasimamisha fito mbili, akatandika khanga juu yake iwe kivuli, mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite. Kivuli hicho alikifanya kwa mikono yake, bila kumwambia mtu kwa nini. Kando yake alisimama Nalotuesha, mke mdogo wa mwenye boma lile, mtoto wake wa kwanza akiwa mgongoni. Alikuwa ameshamletea kibuyu cha maziwa na kuanza kumwita yeyo, mama.

Asubuhi Germana aliondoka kwa miguu kwenda kuwaita akina mama wa maboma ya mbali. Ilikuwa alale huko, arudi nao kesho yake awachanje pamoja na wa boma lile, maana chupa ya chanjo ikishafunguliwa hailali. Wilibrodi alibaki na karavani.

Sasa sikilizeni. Kwa Wamaasai mjenzi wa nyumba ni mwanamke. Yeye ndiye anayekata fito, ndiye anayekandika kwa mavi ya ng'ombe, na nyumba yake ikiwa na tundu anasemwa yeye. Ya mgeni ikiwa na tundu, wanasemwa wenyeji. Nalotuesha na wenzake wakaitazama nyumba ya mama wa watu, hana binti wa kumkandikia, upepo unaingia ubavuni. Wakaona aibu. Wakachukua mavi mabichi, wakakandika matundu yote mawili, wakalainisha kwa viganja mpaka pakapendeza. Khanga wakaikunja vizuri, wakaiweka mlangoni.

Wilibrodi alikuwa amelala chini ya Landrova. Aliwaona.

Kesho yake mchana Germana alirudi na kundi la akina mama na watoto, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaona ubavu wa karavani. Aliingia, akafungua friji, ndani mkatoka vuguvugu kama la chai iliyosahauliwa. Chanjo zote zilikuwa zimeharibika.

Akatoka nje. "Wilibrodi, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwepo."

"Hukuona?"

"Niliona. Uliniambia nisiguse."

Mama mdogo hakumpiga. Mimi ningempiga. Aliwageukia wale akina mama.

"Nani amefanya huu uchafu?"

Nalotuesha akasogea mbele, bado anatabasamu. "Ni sisi, yeyo. Nyumba yako iko na tundu. Upepo naingia. Mgeni yetu atalala kwa tundu? Hiyo ni aibu yetu."

"Aibu yenu itaua watoto!" Germana alichukua kijiko cha dawa, akaanza kuyabandua yale mavi yaliyokwisha kukauka, vipande vinaruka. "Nimetembea na hizi dawa kutoka mbali, mmezipika! Sasa surua ikija na watoto wakafa, msije kunililia mimi!"

Tabasamu la Nalotuesha lilikwisha. Akina mama waliotembea tangu alfajiri wakageuza, wakarudi na watoto wao kama walivyokuja.

Germana alirudi Karatu siku ileile. Karatu chanjo hazikuwepo. Ikabidi zifuatwe Arusha, na Arusha kila mlango aliambiwa asubiri, naye akafoka kila mlango. Hasira hasara, walimwambia. Kama kuna methali ninayoichukia ni hiyo. Wao waliokuwa wamekaa vitini bila hasira, walimpa nini mtoto wa mtu?

Alipopata chanjo na kuteremka tena Olbalbal, surua ilikuwa imemtangulia.

Safari hii Wilibrodi alitoa magunia kabla hajazima injini. Akina mama walikuja, wachache kuliko mwanzo. Germana alichoma sindano bila kuinua kichwa, mpaka aliposikia mtu anagomba nje, upande wa friji. Akatoka kuangalia.

Nalotuesha alikuwa amekaa chini, kando ya matundu, na fimbo mkononi. Anafukuza mbuzi. Anafukuza watoto wanaotaka kuegemea. Mama mmoja alikuwa ametundika shuka lake pale, Nalotuesha akalivuta na kumtupia, huku anamfokea kwa Kimaasai.

Mgongoni hakuwa na mtoto.

"Mtoto yuko wapi?" Germana aliuliza.

Kwao aliyekwenda hatajwi. Nalotuesha alimtazama, macho makavu kabisa.

"Mimi silii, yeyo," alisema. "Fanya kazi. Tundu iko wazi."