Nilimsukuma mdogo wangu mlimani, akafutwa kwenye mbio

Wakuu, habari za humu.

Hii ni yangu mwenyewe, siongezi chumvi. Anayeijua barabara ya Bunia kushuka Kasenyi atanielewa haraka.

Miaka ya sabini, zama za Zaire, wazazi wetu walifariki wakifuatana. Nilikuwa mkubwa wa watoto wanne. Nikaacha shule nikiwa darasa la tano, nikaanza kubeba maharage kwa baiskeli kutoka Aveba hadi Bunia.

Kazi ile ina desturi moja. Mkifika mlimani, hakuna anayepanda peke yake. Unaegesha baiskeli yako juu, unarudi kumsukuma wa nyuma. Ukimwacha mwenzako, kesho hakuna atakayesafiri nawe.

Miguu ikawa chuma. Tajiri mmoja wa kahawa akaanzisha timu ya mbio za baiskeli, akaniajiri nikimbize baiskeli tu. Wakuu, kulipwa kwa kuendesha baiskeli isiyo na gunia! Nilikimbia miaka minane, mpaka Nia-Nia, mbali kule msituni, tulifika, vumbi hadi kwenye meno.

Kisha goti likaharibika. Tajiri akanifanya meneja.

Hapo ndipo tabu ilipoanza. Mwili haukujua kukaa. Kwenye pikapu ya timu, nyuma ya wakimbiaji, nilikuwa nasimama, nakaa, nafungua mlango gari likitembea. Dereva aliniuliza kama nimekalia siafu.

Na kati ya wakimbiaji wangu alikuwepo Bahati, mdogo wangu wa mwisho, niliyemlea mwenyewe.

Sasa mbio yenyewe. Bunia mpaka Kasenyi ziwani, na kurudi. Watatu wa kwanza wangechaguliwa kwenda kushindana Kisangani. Bahati hakuwahi kutoka Ituri. Safari ile aliitaka kuliko chakula.

Wakati wa kupanda kutoka ziwani alikuwa wa pili. Nilishuka garini kumpa maji, jambo linaloruhusiwa. Akapokea chupa. Nikaona mabega yanayumba.

Mkono wangu ukaenda wenyewe nyuma ya tandiko. Nikasukuma, nikikimbia na goti langu bovu, hatua kama ishirini.

"Weye meneja, toa mukono!" mwamuzi alipiga kelele kutoka kwenye pikipiki.

Wakuu, nilimsikia kabisa. Sikutoa.

Bahati akafutwa palepale. Watu kando ya barabara wakaangua kicheko: "Meneja anazani iko nabeba maharagi!"

Bahati hakucheka. Alitupa chupa, akakaa kwenye mawe.

"Yaya," ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa, "nilikuwa napanda mwenyewe. Miye hapana gunia. Utanisukuma mpaka lini?"

"Niliona unachoka."

"Kuchoka iko yangu!"

Wiki nzima hatukusemezana, na tunakaa nyumba moja. Mimi nilizunguka uani, nikifungua magurudumu mazima na kuyafunga tena. Sikujua nifanye nini kingine na mikono hii.

Mbio iliyofuata, mlima uleule. Safari hii nilikalia mikono yangu kwenye pikapu.

Bahati akapunguza mwendo. Wawili wakampita. Kisha akashuka, akawa anatembea, anaikokota baiskeli.

"Shuka umupe nguvu!" dereva akaniambia. "Mutoto iko nakufa!"

Sikushuka. Nilijipindapinda mpaka kiti kikawa kinalia.

Alimaliza wa tisa. Kisangani hakwenda, si mwaka ule wala mwingine. Siku ile alikuja kwangu moja kwa moja, akaegemeza baiskeli kwenye pikapu, miguu ina matope mpaka magotini.

"Meneja, cheni iko nalegea."

Hakuwahi kuniita hivyo. Nikainama kutafuta spana, na sikuinuka haraka.

Nilichojifunza ni kwamba kumlea mtu hakukupi haki ya kuchoka kwa niaba yake. Nimejifunza, lakini sijatulia. Hata leo nikimwona mtu anapanda mlima na baiskeli, vidole vinaniwasha.

Mliolea wadogo zenu, ninyi mlijuaje wakati wa kutoa mkono? Semeni, hata kwa kunisuta. Nitasoma zote.