Mpiga Mbiu wa Chemchemi Saba

Hedley Mapstone alifanya kazi ya kusoma mita za maji kwa miaka thelathini na moja, na mtu akisoma mita muda wote huo anakuwa hana subira na makadirio. Mwambie utafika saa nne, atakuuliza saa nne na dakika ngapi. Mwambie keki imetosha watu wote, atahesabu vipande. Mimi, Beryl Haskett, nimemjua tangu hatujaota mvi, na sitasema uongo: mara nyingi nimetamani kumziba mdomo kwa kanzu yake mwenyewe.

Kanzu anayo, nyeupe, na huivaa juu ya koti la mvua, kwa sababu huku kwetu Somerset mvua haikuulizi kama uko kwenye ibada. Sisi ni Wadruidi. Tunaiheshimu miti, maji na mwendo wa jua, na tukishamaliza kuheshimu tunakaa chini kugombana. Ndiyo maana jumuiya zetu ni nyingi kuliko watu wetu wanavyostahili.

Mimi na Hedley tulianza pamoja, katika Jumuiya ya Chemchemi Sita. Siku moja akateremka bondeni na vipimo vyake vya kazini, akarudi na matope hadi magotini, akatangaza kwamba chemchemi ni saba. Tukamwambia hiyo ya saba ni maji yale yale ya ile ya sita, yanatokea tu upande wa pili wa jiwe. Akasema maji yana haki ya kuhesabiwa pale yanapotokea. Tulibishana vipupwe viwili vizima, kisha akaondoka na watu wanne, akaanzisha Jumuiya ya Chemchemi Saba.

Haikuchukua muda. Mmoja wa wale wanne, Crispin Batty, akagundua kwamba chemchemi ya saba hukauka kila mwezi wa nane, naye akajitoa akaanzisha jumuiya yake, Chemchemi Sita na Nusu. Wawili wakawafuata watoto wao New Zealand. Wa mwisho akarudi kanisani, akasema kule angalau viti vina mito. Hedley akabaki kiongozi, karani na muumini, vyote yeye. Alidai kwamba ndiyo mara ya kwanza jumuiya yake inakubaliana.

Jumuiya kumi na moja za upande wetu zina Baraza, linalokutana mara nne kwa mwaka, Jumamosi, katika ukumbi wa kijiji. Mimi ndiye mwandishi wa kumbukumbu. Kila jumuiya, kubwa au ndogo, ina kiti kimoja, na jambo halipiti mpaka wote kumi na moja wakubali. Mmoja akisema hapana, hoja imekufa. Ndiyo maana kwa miaka ishirini na mbili tumepitisha mambo manne tu, na mojawapo lilikuwa kubadilisha birika.

Na kabla ya lolote, mpiga mbiu anasimama mlangoni na upanga umechomolewa nusu, anauliza mara tatu: "Je, kuna amani?" Kila mara tunajibu wote, "Kuna amani." Baada ya mara ya tatu anaurudisha upanga kwenye ala, na mkutano umefunguliwa. Kazi hiyo Hedley ameifanya tangu Baraza lianze. Ana sauti ya kuita watu watoke nyumbani wafungue geti. Hakuna aliyewahi kujibu vingine, hata siku viongozi wawili walipokuja wametoka kutukanana kwenye maegesho. Tunasema kuna amani vile watu wanavyosema hatujambo.

Mwaka juzi, mwezi wa kumi, tukaletewa barua na Rosalind Thring, kiongozi wa jumuiya kubwa kuliko zote, watu mia moja na arobaini. Alikuwa na hoja: jumuiya yenye watu chini ya watatu isiwe na kiti. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja, jumuiya ya namna hiyo ilikuwa moja tu. Na Rosalind si mbaya. Alikuwa amechoka kuona watu wake wote wale wanalingana na mzee mmoja wa mita.

Nikaenda kwa Hedley.

"Barua umeisoma?" nikamuuliza.

"Nimeisoma. Koma mbili amekosea."

"Acha koma, bwana. Siku ya mkutano wewe sema hapana. Neno moja tu, hoja inakufa."

"Nikitetee kiti changu mwenyewe? Mbele za watu? Beryl, mimi sing'ang'anii mahali."

"Basi tafuta watu wawili uwaingize."

"Kwetu mtu anaandaliwa mwaka mmoja na siku moja ndipo apokelewe. Mkutano ni wiki ijayo."

"Na hilo sharti aliliweka nani?"

"Mimi," akasema, akaenda kuweka maji ya chai. Kisha akauliza akiwa amenipa mgongo, "Chemchemi Sita mmeamuaje?"

Nikamwambia ukweli. Wenzangu walikuwa wamekaa wakaamua tukubali, na mimi ndiye ninayekwenda kulisema hilo barazani.

"Basi utasema ndiyo," akasema. "Umetumwa. Ukisema kingine utakuwa umewageuka watu wako. Chukua biskuti."

Niliila ile biskuti kwa aibu. Wakati mwingine mtu akikukasirikia inakuwa nafuu kuliko akikuelewa.

Jumamosi ilipofika tulianza kukusanyika saa nne asubuhi, kwa sababu saa saba ukumbi huwa wa watu wa mazoezi ya viungo, na wao hawasubiri. Hedley alikuwa mlangoni tayari. Kanzu yake ameipiga pasi. Tangu nimjue sijawahi kuiona kanzu ile imepigwa pasi, na palepale nikajua amekuja kuaga.

"Je, kuna amani?" Tukajibu kuna amani. Akauliza mara ya pili, tukajibu tena, na mimi nikajibu. Nikawa nafikiri: kura ni ya jumuiya, hiyo nimetumwa. Amani nayo? Hiyo sikutumwa na mtu. Hiyo naulizwa mimi mwenyewe.

Akauliza mara ya tatu.

"Hakuna," nikasema.

Mkono wake ulikuwa umeshaanza kuurudisha upanga kwa mazoea. Ukasimama.

"Umesema kuna au hakuna?"

"Hakuna. Mimi sina."

Rosalind akanigeukia taratibu. "Beryl, kuna mtu amekuudhi?"

"Samahani," Crispin akadakia, "hapo tunaanza kujadili, na mkutano haujafunguliwa."

"Basi tuufungue," Rosalind akamwambia.

"Haufunguliwi bila amani."

"Sasa amani tutaipataje bila kuijadili?"

"Ungeiweka kwenye ajenda."

Rosalind akaifungua katiba yetu, akapekua kurasa zote kumi na sita. Imeeleza vizuri sana cha kufanya amani ikiwepo. Isipokuwepo, haina hata mstari. Ikabidi twende jikoni kunywa chai, kwani chai haihitaji kufunguliwa na mpiga mbiu.

Hedley akanifuata na upanga wake kwapani. "Umeniharibia siku," akasema. "Nilishajipanga. Nifungue mkutano, niseme ndiyo, nikabidhi upanga, niwahi nyumbani kabla ya mvua."

"Ulikuwa unasema ndiyo?" Rosalind akauliza.

"Hoja yako iko sawa, bibie. Mtu mmoja si jumuiya. Nimehesabu." Alilisema hilo polepole, akiangalia ndani ya kikombe. Kisha akaendelea, "Ila kitu kimoja nitakisema, maadamu mkutano wenyewe haujaanza. Miaka ishirini na mbili, mikutano minne kwa mwaka, mara tatu kila mkutano. Nimewauliza ninyi kama mna amani mara mia mbili sitini na nne. Mimi hakuna aliyewahi kuniuliza."

Crispin akakirudisha kipande chake cha keki kwenye sahani. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Kumbukumbu zote za Baraza nimeziandika kwa mkono wangu, na kila moja inaanza kwa maneno kwamba wote wamethibitisha amani. Mara themanini na nane nimeandika wote, na sikuwahi kuona kwamba mmoja amesahaulika, naye ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kuliko sisi sote.

Rosalind akaweka kikombe chini, akanyoosha mkono, akaupokea upanga. Aliushika vibaya, kama mtu aliyepewa samaki. Akasimama mlangoni mwa jiko.

"Bwana Hedley Mapstone," akasema, "je, kuna amani?"

Hedley akafikiri. Alifikiri kama alivyokuwa akisoma mita, namba kwa namba, na sisi tukasubiri.

"Bado," akasema.

Basi nikaandika: mkutano haukufunguliwa. Na mkutano usiofunguliwa hauna hoja.

Tumekutana mara sita tangu siku hiyo. Kila mara Rosalind anaushika upanga na kumuuliza, na kila mara tunapata bado, au kidogo, na siku moja aliomba aulizwe tena baada ya keki. Kisheria Baraza halijafunguliwa mwaka mmoja na nusu sasa. Mambo yote tunayamalizia jikoni, tumesimama, na tumeshakubaliana mengi kuliko miaka yote ile tuliyokuwa tumekaa.

Jumamosi iliyopita uvumilivu ulimwishia Rosalind. "Hedley," akasema, "hoja niliifuta tangu mwaka jana. Kwa maandishi. Kiti ni chako, hakuna anayekigusa. Hiyo amani mpaka leo haijapatikana?"

"Ilipatikana siku ile ile, bibie," Hedley akajibu, huku akijimiminia chai. "Napenda tu kuulizwa."