Kipanya Kilichochomolewa

Fundi wa nyaya za mgodi wetu hapulizi kamwe ncha ya uzi wa kioo unaopitisha mawasiliano. Huifuta kwa kitambaa, taratibu, kama anayefuta jicho la mtoto. Vipande anavyokata huvinasisha kwenye utepe wa gundi aliojifunga mkononi, visije vikamchoma mtu. Uzi wake unashuka kilomita tatu hadi kwenye kompyuta ya pampu, tunayoiendesha kutoka huku juu kwa kibodi na kipanya. Jumatatu alivichomoa vyote viwili avisafishe. Mshale kwenye skrini ukaendelea kutembea, ukiwasha pampu moja moja.

“Nani yuko chini?” nikamuuliza. Handaki lenye kompyuta ile lilizibwa siku mwenzetu Torkel alipofukiwa humo.

Akamimina kahawa vikombe vitatu, nasi tulikuwa wawili.

“Mwache amalize, bwana. Zamu yake inaisha saa nane.”