Siku Biskuti Alipopigwa Mnada Kanisani

Nichekeni sasa hivi mmalize, maana mkinikatiza katikati nitaona haya upya, na haya zenyewe bado hazijanitoka, mpaka leo nikipanda kijijini watoto wa shule wakiniona kwa mbali wanabweka. Mimi ndiye yule kijana aliyemtoa mbwa wa watu sadaka. Ndiyo, kanisani. Ndiyo, mbele ya mama yangu mzazi.

Jina langu Eliapenda, nafanya kazi ya bustani na kuku kwenye nyumba moja pale Same mjini, kwa Mama Nuru, ambaye alihamishwa kikazi kutoka Dar akaja na mume, binti mmoja wa darasa la tatu, na mnyama mmoja ambaye siku ya kwanza kumwona niliuliza kwa heshima zote ananyolewa mwezi gani. (Jamani, alikuwa amelala amenipa mgongo, manyoya yamejisokota, rangi ya andazi lililoiva vizuri, nani asingesema kondoo?) Alipogeuka nikaona pua nyeusi, ulimi nje, nikaruka nyuma, naye akanifuata taratibu akaegemeza kichwa kwenye goti langu kama mtu tuliyecheza naye utotoni.

"Usiogope, Kaka Penda," Nuru akaniambia. "Huyu ni Goldendoodle. Anaitwa Biskuti."

Shule mimi niliishia kidato cha pili, lakini maswali hayajawahi kuniishia, kwa hiyo wiki ile sikufanya kazi ya maana zaidi ya kumhoji mtoto wa watu. Nikaelezwa kwamba mzazi mmoja ni poodle, ndiye mwenye nywele za kipilipili, na mzazi mwingine ni golden retriever, ndiye mwenye roho nzuri na wazimu wa maji, na huyu amerithi kote kote. Nikauliza mbona manyoya hayajai kwenye makochi. Nuru akasema yanatoka, ila kidogo, na yakitoka yananasa humo humo mwilini, ndiyo maana lazima achanwe kila siku mpaka kwenye ngozi, usipomchana yanashikana kama mkeka, na ukimwogesha kabla hujamchana ndiyo umeukaza huo mkeka kabisa. Walimchagua kwa sababu Nuru akikaa na mbwa wengine anapiga chafya. (Hata kwa Biskuti anapiga, ila moja moja, na aliniomba nisimwambie mama yake.)

"Na mwizi akija?" nikauliza.

"Atamletea mpira warushiane."

Nikamwangalia yule mbwa, naye akaniangalia usoni kabisa, machoni, kama anasubiri nimalize sentensi. Mbwa wetu wa kijijini wanakuangalia mkononi. Huyu uso tu. Nikajiuliza siku nyingi anaona nini humo. Na kuanzia hapo nikaanza kuota ndoto yangu ya saluni ya mbwa, Same, karibu na stendi, kioo kikubwa, mashine ya kunyolea, mimi nimevaa koti jeupe. (Mbwa wa kuletwa huko yuko mmoja wilaya nzima, najua, lakini kila kitu huanza na mteja mmoja.)

Sasa likizo ilipofika wakubwa wakaenda Dar na Nuru kumwangalia bibi yake anayeumwa, mbwa nikaachiwa mimi. Nuru alinishika mkono getini, macho yamemjaa machozi.

"Kaka Penda, niahidi. Usimwache peke yake. Akiachwa anadhani tumemtupa."

Nikaahidi. Na kila siku alikuwa anapiga simu kwa simu ya mama yake, ananiomba nimwekee Biskuti simu, na kwa kuwa simu yangu ilishakufa kispika cha sikioni ilibidi niiweke sauti kubwa, basi mtaa mzima ulikuwa unasikia mtoto anamwambia mbwa lala salama.

Jumamosi nikajaribu kwenda sokoni bila yeye. Niliporudi nikakuta mto wa kochi umekuwa pamba tupu, kandambili yangu ina upande mmoja, na jirani amesimama kwenye ukuta.

"Kijana, huyo mbwa amelia kama aliyefiwa. Mimi mwenyewe nimetoka nje kuuliza msiba uko wapi."

Na kesho yake, Jumapili, ilikuwa sikukuu ya mavuno kanisani kwetu juu milimani, na mimi ni mwimbaji wa sauti ya nne, na tulikuwa tumefanya mazoezi mpaka mwalimu wa kwaya akakauka koo. Kumwacha siwezi, kukosa siwezi. Basi nikampakia Biskuti kwenye bodaboda, dereva mbele, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia.

"Huyu nimwandike abiria au mzigo?" dereva akauliza.

"Andika mgonjwa, twende!"

Tulipopita kijiji cha Mwembe watu waliinuka kwenye viti kutuangalia, masikio yake yanapepea, amefumba macho kwa raha, na baridi ilipoanza kutupiga huko juu nikagundua kwamba kumkumbatia Goldendoodle ni sawa na kuvaa blanketi linalopumua.

Tukafika tumechelewa, kwaya imeshajipanga mlangoni na majoho. Hapo ndipo nilipofanya kile kitu kidogo. Pembeni ya kanisa letu kuna bomba refu la chuma limelazwa juu ya nguzo mbili, na kwenye mavuno watu hufunga hapo mifugo waliyoitoa, maana ibada ikiisha vyote hupigwa mnada: mikungu ya ndizi, magunia ya tangawizi, kuku, mbuzi, kila kitu. Nimezaliwa nikalijua lile bomba. Lakini Biskuti nikimfunga peke yake kwenye mti anaanza kilio, na pale kwenye bomba palikuwa na kondoo wawili wametulia, akawanusa, akajilaza kati yao, kimya. Nikasema, Mungu ni mwema, amepata wenzake. Nikafunga kamba, nikavaa joho nikikimbia.

Kwaya inakaa mbele, hutoki. Nilipotoka nikakuta umati umeshalizunguka bomba na Mzee Mbwambo, mzee wa kanisa ambaye ndiye mpiga mnada wetu, ameshika maiki.

"Wapendwa, huyu ni mnyama gani?"

"Kondoo wa Ulaya!" mtu akajibu nyuma.

"Kondoo gani ana kucha?"

Biskuti akabweka mara moja kwa furaha, watu wote wakarudi nyuma, kisha wakasogea karibu kuliko mwanzo.

"Nani amemleta?"

Dada mmoja wa sauti ya kwanza, Mungu amsamehe, akapaza sauti: "Ni Eliapenda! Nimemwona kwa macho yangu akimfunga!"

"Eliapenda!" Mzee Mbwambo akanguruma mpaka spika zikalia. "Vijana wetu wakienda mjini wanaturudia na miwani ya jua. Huyu amerudi na mbwa wa kizungu, amemleta nyumbani kwa Bwana!"

Vigelegele. Nikafungua mdomo kusema hapana, na kabla neno halijatoka nikamwona mama yangu anakuja anacheza, kanga ameivua mabegani anaipeperusha, machozi yanamtoka. "Mwanangu! Laiti baba yako angekuwepo!" Sasa niambieni nyinyi, neno hapana mngelitoa kupitia wapi?

Nikajipekua mfukoni nione kama naweza kumnunua mwenyewe. Nauli tu. Na mwenye mbwa anarudi Same jioni ile ile.

"Njoo mwanangu, utueleze habari zake," akasema Mzee Mbwambo, akanipa maiki, "mnunuzi ajue anachonunua."

Akili ikanijia: nitamponda mpaka asipatikane wa kumtaka.

Wa kwanza kuuliza alikuwa Lomayani, mfugaji wa kutoka tambarare upande wa Makanya, ambaye hupanda kwenye minada yetu kutafuta kondoo. "Kijana, analinda ng'ombe?"

"Halindi hata viatu. Fisi akija atamlamba."

"Basi fisi atashangaa. Akishangaa namwahi na mkuki." Akatoa dau.

Sikutegemea hilo. Nikaendelea. "Jamani, lazima achanwe kila siku! Nusu saa nzima!"

"Nusu saa tu?" Hiyo ilikuwa sauti ya Bibi Nanzia, jirani yetu, ambaye tangu mumewe afariki anaishi peke yake kwenye ile nyumba ya juu, ukishapita mgomba wa mwisho. "Mimi jua likizama sina hata la kufanya." Naye akatoa dau.

"Shikamoo bibi, lakini hawezi kukaa peke yake. Analia."

"Marahaba. Hata mimi."

Watu wakacheka, kisha kicheko kikaisha chenyewe.

"Analala kitandani!" nikasema, jasho linanitoka ndani ya joho.

"Huku ni baridi, mjukuu wangu."

"Anakula sana!"

"Makande yapo."

Lomayani akaongeza, bibi akaongeza, na kadiri nilivyomponda ndivyo walivyozidi kumtaka, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba kasoro zote za Biskuti ni kitu kimoja tu, kwamba anapenda watu kupita kiasi, na hiyo huwezi kuitaja kwenye kipaza sauti ukamfanya mtu amchukie.

Biskuti mwenyewe akaona mambo yanachelewa. Akajivuta, fundo langu likafunguka (nilifunga nikikimbia, nimeshasema), akakimbilia chini ya tangi ambako akina mama walikuwa wameoshea tangawizi asubuhi, pana tope zuri jekundu, akaingia mwili mzima. Aliporudi alisimama karibu na mchungaji, akajikung'uta. Joho lake jeupe likawa na madoadoa kama kanga wa mwituni. Kisha akamwendea Bibi Nanzia moja kwa moja, akasimama kwa miguu miwili, akamwekea mikono mabegani. Nikafumba macho, nikijua nimemuua bibi wa watu siku ya mavuno. Nikasikia anacheka. Anacheka mpaka anakosa pumzi, amemshikilia na lile tope lote kifuani, na mama yangu akanong'ona, "Huyu hajacheka tangu msiba."

"Mara ya kwanza! Mara ya pili! Mara ya tatu! Ameuzwa kwa Bibi Nanzia!"

Na simu yangu ikaita.

Nikapokea bila kufikiri, simu mkono huu, maiki mkono ule, na mkono wa maiki sikuushusha. Kanisa zima, mgomba mpaka mgomba, wakasikia sauti ya mtoto kwenye spika mbili: "Kaka Penda, mwekee Biskuti! Biskuti! Tupo njiani, jioni tunafika! Nimekununulia kitana kipya!"

Biskuti aliacha mabega ya bibi. Akaenda kwenye boksi la spika, akaligusa kwa pua, akalizunguka nyuma kumtafuta aliyemo. Halafu akakaa chini mbele yake, akasubiri.

Watu wote wakanigeukia.

"Eliapenda," mama yangu akasema. "Huyo mtoto ni nani?"

Nikasema yote. Sikusema vizuri, nilisema kama mtu anayetapika, nikaeleza bomba, kwaya, kilio, kochi, nikasema mama samahani, nikasema Mzee Mbwambo samahani, na walipoelewa, kicheko kilichopigwa pale nadhani Same mjini walidhani ni radi. Mwalimu wa kwaya alikaa chini kwenye nyasi. Mama alijifunika kanga yote usoni, na mpaka leo sijajua alikuwa analia au anacheka.

Bibi Nanzia peke yake hakucheka. Alikuwa bado ameshika kamba.

"Huyo mtoto anamchana mwenyewe?"

"Kila siku, bibi."

Akaomba maiki. Kwetu ukinunua kitu mnadani unaweza kumpa umtakaye, wengi hununua mbuzi wakampa mchungaji, na bibi akasema kwa sauti ndogo, "Nilichotoa nimemtolea Bwana, sirudishiwi. Mbwa nampa huyo mtoto wa kwenye simu." Akanikabidhi kamba, na kabla hajaiachia alimpangusa Biskuti tope kwenye jicho kwa ncha ya kitenge chake.

Ningependa kuishia hapo. Lakini Mzee Mbwambo alikuwa ameshaichukua tena maiki.

"Sasa Eliapenda, kama mbwa si wako, sadaka yako iko wapi?"

Nikamwonyesha ile nauli.

"Basi wapendwa, anauzwa kijana! Siku moja ya kulima! Nani anaanza?"

Hakuna mkono ulioinuka. Lomayani akaniangalia toka juu hadi chini. "Anajua kuchunga?"

"Sijui," nikasema.

Akageuka kuwaangalia kondoo. Mama yangu akawa anasoma kitabu cha nyimbo. Mwishowe Bibi Nanzia akainua mkono. "Nipeni huyo. Analia akiachwa peke yake?" Akanipata kwa dau la kwanza, dogo mno mbele ya lile la Biskuti, na watu wakampa pole.

Jioni, Nuru alipomwona Biskuti aliona mara moja. Nilikuwa nimemwogesha haraka kabla ya kumchana, mkeka umekaza kuanzia shingoni mpaka mkiani. Ikabidi nieleze mkasa wote, mama yake amesimama na begi mkononi. Mama Nuru akasema tu, "Penda, siku nyingine unanipigia simu kwanza," na akaingia ndani haraka, mabega yanatikisika. Nuru hakucheka. Alikaa chini, akaanza kuufumua ule mkeka kwa vidole.

"Bibi alilia ulipomchukua?"

"Hapana."

"Na Biskuti?"

Nikamwambia kwamba tulipokuwa tunashuka na bodaboda alikuwa amegeuza shingo, anaangalia nyuma mpaka kona ya migomba ikatuficha.

"Basi siku ukienda kumlimia," Nuru akasema, "na sisi tunakuja."

Tulienda, na tunaenda. Bibi anamchana Biskuti mbele ya nyumba mimi nikilima nyuma, na ile siku moja niliyouzwa naona haina mwisho. Ila nimeapa, na mnishuhudie: nikienda kanisani na kitu chochote chenye uhai ambacho si changu, nitakaa nacho kwenye benchi, hata kikibweka katikati ya mahubiri, sitakiachia mpaka baraka ya mwisho.